Mbu wa Vugiri

Mwaka 1967 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na mkufunzi wetu wa somo la vifaa vya kufundishia alitusimulia kisa kilichotufanya tushike mbavu. Alisema kwamba zamani za Mwingereza gari la sinema lilifika katika kijiji kimoja cha milimani Usambara kuonyesha picha ya kujikinga na malaria. Mbu akatokea kwenye kitambaa cheupe, mkubwa kama mbuzi, miguu yake kama fito za kujengea. Picha ilipokwisha, mzee mmoja alisimama akatoa shukrani kwa niaba ya wenziwe, kisha akasema: "Wageni wetu, tumeona taabu mliyo nayo huko kwenu, na tunawapa pole. Sisi hapa Mungu ametuhurumia. Mbu wetu ni wadogo tu."

Mkufunzi hakutusimulia kwa ubaya. Alitaka tuelewe kwamba mwalimu akionyesha picha kubwa ya kitu kidogo hana budi kueleza ukubwa halisi wa kitu chenyewe. Ni fundisho zuri, na mpaka leo silikatai. Lakini sisi hatukushika fundisho, tulishika kichekesho. Nami nilicheka kuliko wenzangu wote, kwa kuwa darasa zima lilijua kwamba natoka Usambara, na nilitaka waone kwamba mimi si mmoja wa wale.

Kisa hicho nilikibeba katika kazi yangu yote ya ualimu. Nilikisimulia kwenye mikutano ya walimu, kwenye semina, na mara moja hata kwenye arusi. Kila mara nilikiongezea viungo kidogo: kijiji nikakiweka chini tu ya Vugiri, karibu na kwetu, na yule mzee nikampa kofia na mkongojo. Ikafika mahali hata mimi mwenyewe nilikuwa namwona. Basi mwaka 1983, katika semina moja ya walimu wakuu, mwenzangu kutoka Songea alisimama akasimulia kisa kile kile, neno kwa neno, ila kijiji kilikuwa cha huko kwao na mzee alikuwa wa kabila lake. Nilikasirika, kwa kweli. Niliona ametuibia mbu wetu.

Haya yangekwisha hapo, kama si mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti ya mdogo wangu, na mwaka 2018 alikuwa chuo kikuu akisomea shahada ya pili. Alikuja nyumbani na daftari na kinasa sauti, akanieleza kwamba anachunguza jinsi watu na mila zao wanavyochorwa katika vitabu na katika sinema, na kwamba angependa kuwahoji wazee walioona sinema za bure vijijini. Nitasema ukweli: nilidhani hayo ni masomo ya watu walioshiba. Mtu anasafiri kutoka Dar es Salaam hadi milimani kuuliza nani aliona sinema gani! Katika ujana wangu shahada zilikuwa za kilimo, za uhandisi, za udaktari. Lakini mgeni ni mgeni, na huyu ni damu yangu. Nikampa chai, nikampa kiti, na kwa kuwa alitaka habari za sinema, nikaanza na kile nilichokijua vizuri kuliko vyote. Nikamsimulia kisa cha mbu.

Hakucheka. Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akaniuliza kwa adabu: "Babu, wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia sikuwepo.

"Basi nani alikuwepo?"

Alipoondoka aliniachia bahasha nene ya makala alizonichapishia, nyingi za Kiingereza, na kamusi yangu haikupata kulala kwa miezi mitatu. Mengi niyasemayo hapa chini nimeyatoa humo, na mengine kwa marehemu baba yangu, ambaye maneno yake nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni bila kuyatilia maanani.

Asiyepafahamu Vugiri na ajue kwamba ni mahali pa juu katika milima ya Usambara, wilaya ya sasa ya Korogwe, penye baridi na mashamba ya chai. Ukisimama ukingoni unaona uwanda wote chini, pamoja na reli na mkonge. Huko juu, mwaka 1935, Waingereza wawili waliweka makao ya kutengenezea sinema. Mmoja alikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na ambaye alikwisha ona kwamba sinema huweza kumtuliza kibarua asitoroke kazi. Wa pili alikuwa G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Kazi yenyewe iliitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Ilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha zilitoka shirika la Carnegie la New York. Katika miaka miwili, hadi 1937, walitengeneza filamu 35, nazo wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno na muziki vilipigwa kwa santuri, nazo santuri zilitengenezwa kwa lugha mbalimbali ili kila mahali pasikie lugha yake.

Baba yangu alikuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi. Alikuwa akisema kwamba aliwabebea masanduku "Wazungu wa picha" kutoka barabarani, akalipwa senti kadhaa na kipande cha sabuni. Sisi watoto tulidhani anasema wapiga picha wa pasi.

Kwa nini walikuja kufanya kazi hiyo? Sababu zilikuwa mbili, na zote mbili ziliandikwa wazi na wenyewe katika kitabu walichokitoa mwaka 1937. Ya kwanza ni ile ambayo kila mtu angeitaja: kufundisha kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Ya pili ilinishangaza. Katika miji ya migodi huko Rhodesia ya Kaskazini wafanyakazi walikuwa wanaona sinema za Marekani, za wachunga ng'ombe na bastola. Humo Mwafrika alimwona Mzungu akiiba, akilewa, akipigwa ngumi mpaka anaanguka, na wanawake wa Kizungu wakiwa nusu uchi wakibusiwa na wanaume wasio waume wao. Wakubwa waliona hatari. Walisema mtazamaji wa Kiafrika hawezi kupambanua la kweli na la kubuni, kwa hiyo heshima ya mtawala itabomoka. Yaani hawakuogopa kwamba Mwafrika hataelewa. Waliogopa kwamba ataelewa mno! Niliposoma hayo nilisimamisha kusoma, nikatoka nje kidogo.

Filamu mojawapo ya mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Mtu mmoja anafukia fedha zake nyumbani, mwizi anazichimbua. Mwenzake anaziweka posta, anastarehe. Wataalamu wa mambo haya wanasema mtindo huo ulikuja kutumika katika filamu nyingi za makoloni: yuko mjinga, yuko mwerevu, na mwerevu daima ndiye anayefuata ushauri wa serikali. Baba aliiona filamu hiyo. Alikuwa akisema walicheka sana, maana katika kijiji kizima hawakumjua mtu mwenye fedha za kutosha kufukia.

Nyingine ilihusu safura. Huyo mnyoo anayeingia kupitia nyayo, akanyonya damu, alikuwa adui wa kweli milimani kwetu na hasa katika mashamba. Filamu ya safura ni mojawapo ya chache zilizosalia kati ya zile 35, na imehifadhiwa huko Uingereza. Mnyoo huyu nitamrudia.

Mwaka huo huo wa 1935, wakati Notcutt anafungua masanduku yake Vugiri, London ilitolewa filamu ya kibiashara iliyoitwa Sanders of the River, inayomsifu bwana shauri mmoja wa Kiingereza katika Nigeria. Mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi, Paul Robeson, aliigiza humo kama chifu mtiifu, na baadaye akaijutia filamu hiyo. Miongoni mwa Waafrika waliookotwa London kujaza viti vya machifu, kwa malipo ya kibarua, alikuwepo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, jina lake Jomo Kenyatta. Miaka mitatu baadaye, 1938, alitoa kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kilichowaonyesha kwa sura tofauti kabisa na ile ya machifu wa sinema. Na kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu, mchezaji mkuu alikuwa mtumishi kijana wa serikali, Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Katika makala yote niliyosoma sikuona mahali ambapo watengenezaji wa filamu hizi walijiuliza yule mchezaji anafikiri nini wakati kamera imezimwa.

Jaribio la Vugiri lilikufa 1937 fedha zilipokwisha. Lakini wazo halikufa. Mwaka 1939, vita vilipoanza, Waingereza waliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, kikafanya kazi hadi 1955, na kiongozi wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya Nigeria. Sellers alikuwa na sheria zake za kutengeneza filamu za Waafrika, na alizitangaza kwa maandishi. Picha ziende polepole. Kamera isigeuke haraka, maana watazamaji watadhani nyumba na miti vinakimbia. Kusiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali, wala kurudi nyuma katika wakati. Na kitu kidogo kisionyeshwe kikubwa ghafla, kwa sababu... na hapo, msomaji, nikakutana na mbu wangu.

Ndiye yeye. Kisa cha mbu kilikuwa kikitolewa kama ushahidi. Mwanahistoria James Burns, aliyechunguza maandishi mengi ya maofisa wa sinema, ameonyesha jinsi kisa hicho kilivyozunguka makoloni. Mahali pengine ni mbu, pengine ni inzi, pengine chawa. Kila anayekisimulia anakijua kijiji, na hakuna aliyekuwepo. Kilipita kutoka ofisa hadi ofisa, kikaingia kwenye majarida na vitabu, na kutoka vitabuni kikaingia katika vyuo vya ualimu, na kutoka chuoni nikakibeba mimi, mtoto wa Usambara, nikakirudisha chini ya Vugiri na kukivika kofia.

Kipo na kisa cha kuku. Hiki angalau kina mtu aliyekitia sahihi. John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, alieleza jinsi kundi la wanakijiji wa Kiafrika wapatao thelathini walivyoonyeshwa filamu ya dakika tano hivi juu ya usafi wa nyumba: ofisa wa afya anaondoa maji yaliyotuama, anaokota makopo, polepole kabisa. Walipoulizwa wameona nini, walijibu wameona kuku. Waonyeshaji hawakujua kama kulikuwa na kuku katika filamu yao. Wakaipitia picha moja moja, wakamkuta kuku aliyepita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Mtaalamu wa Kanada, Marshall McLuhan, alikitia kisa hicho katika kitabu chake mashuhuri cha 1962 kuthibitisha kwamba mtu asiyejua kusoma haioni picha kama aionavyo msomi.

Mimi nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka arobaini, na nimeuliza maswali ya "umeona nini" mara elfu. Ukimwuliza mtoto umeona nini, hukuambia kilichomvutia. Kama unataka akwambie habari ya maji yaliyotuama, mwulize habari ya maji yaliyotuama. Kuku anayekimbia uani mwa watu ni mali, ana mwenyewe, na pengine amekurupushwa na mgeni. Ofisa anayeokota kopo si habari kwa mtu yeyote. Sisemi kwamba Wilson alidanganya. Nasema kwamba watu thelathini walimwona kuku ambaye mtengeneza filamu mwenyewe hakumwona, na aliyeandikwa kuwa hajui kutazama si mtengeneza filamu.

Ndipo nikaanza kuelewa masomo ya mjukuu wangu. Nilikuwa nadhani kazi yao ni kulalamika kwamba Mzungu alituchora vibaya. Hilo lilikwisha semwa na wakubwa. Chinua Achebe alilisema mwaka 1975, kule Amherst, Marekani, alipokichambua kitabu cha Joseph Conrad juu ya Kongo. Kabla yake, 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikwisha andika pale Nairobi kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Hayo nilikuwa nayajua kwa juu juu, na nilikubaliana nayo kama mtu anavyokubali jambo lisilomgusa. Mwalimu wa shule ya msingi hafundishi Conrad. Sikujua kwamba iko picha nyingine, ambayo haimo ndani ya filamu wala kitabu bali imo katika taarifa inayoandikwa baada ya filamu: picha ya mtazamaji. Mwanakijiji aliyeduwaa mbele ya kitambaa cheupe, asiyeelewa. Huyo naye alitungwa. Alitungwa kwa kalamu, kwenye fomu.

Hapa ndipo inanibidi nieleze habari ya mwaka 1976.

Nilikuwa na umri wa miaka 27, mwalimu mkuu kwa mwaka wa pili, katika shule iliyo mteremkoni karibu na nilikozaliwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imepita mwaka 1973, na bado mkazo ulikuwa kwenye vyoo. Jioni moja likaja gari la sinema. Kitambaa kikafungwa ukutani mwa shule, jenereta ikawekwa nyuma ya jiko la walimu, watoto wakakaa chini mbele, na nyuma wakasimama wazee, na akina mama waliofunga watoto mgongoni. Picha ilihusu mtu anayeumwa safura. Anakwenda zahanati, anapewa dawa, anaelezwa achimbe choo, anachimba, anapona, na mwisho jamaa nzima inasimama mlangoni ikitabasamu.

Watu walicheka. Walicheka yule bwana alipoanza kuchimba. Walicheka zaidi mkewe alipopita na ndoo kwenda kisimani. Na alipopona, jamaa wakatabasamu, kijiji kizima kilicheka mpaka sauti ya jenereta haikusikika. Ofisa aliyekuja na gari alinuna. Alinikabidhi fomu, akaniambia niijaze mimi kwa kuwa ndiye msomi wa mahali, niipeleke wilayani.

Niliijaza usiku ule ule kwa taa ya chemli. Nilikuwa na desturi ya kuweka nakala ya kila nilichoandika, kwa karatasi ya kaboni, na nakala hiyo ninayo hata leo: "Wananchi wengi hawakuelewa lengo la picha. Walicheka mahali pasipo na kichekesho. Hii ni kwa sababu kiwango chao cha elimu bado ni cha chini. Inapendekezwa picha zijazo ziwe fupi na rahisi zaidi." Nikatia sahihi na muhuri wa shule. Nilijiona nimeandika vizuri.

Siku ya tatu yake nilikwenda kumwamkia shangazi yangu. Mama huyu hakusoma hata darasa moja. Katika mazungumzo nikamlaumu kidogo: "Shangazi, na wewe nilikuona ukicheka. Wageni mmewavunja moyo."

Akanitazama. "Mwanangu, na wewe hukucheka?"

"Nicheke nini?"

"Yule bwana amechimba choo juu, kisima kiko chini. Mvua ikinyesha? Mkewe anapita na ndoo, anakwenda kuteka nini? Halafu ati wamepona!" Akaanza kucheka upya, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Au huko mlikosoma maji hupanda mlima?"

Filamu ilikuwa imepigwa mahali fulani pa tambarare, na waliotengeneza hawakuuona mwinuko ule mdogo. Watu wa milimani waliuona mara moja. Kila mtoto wa Kisambaa anajua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, maana mifereji na visima ndiyo maisha yetu. Mimi pia nilizaliwa pale pale. Lakini usiku ule sikuwa natazama kwa macho ya kuzaliwa, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando ya ofisa.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka nilipomwambia mjukuu wangu. Wiki ile nilikuwa nimekwisha simika vigingi vya choo kipya cha shule, na nilivisimika upande wa juu wa chemchemi ambamo watoto walikunywa. Nilipotoka kwa shangazi nilipita shuleni, giza lilikuwa linaingia, nikaving'oa vigingi vile kimoja kimoja nikavihamishia upande wa pili wa kilima. Asubuhi walimu waliponiuliza nikasema udongo wa pale ni laini. Fomu ilikuwa bado mezani kwangu. Ilipelekwa wilayani siku ya Ijumaa na tarishi, kama ilivyokuwa, pamoja na taarifa ya mahudhurio.

Kwa nini sikuibadilisha? Nimejiuliza mara nyingi. Kuandika kwamba wananchi wamekosoa picha ya serikali lilikuwa jambo la kuhitaji moyo kidogo, lakini nisijifiche nyuma ya hofu, maana hakuna mtu ambaye angenifunga kwa ajili ya choo cha kwenye sinema. Ukweli ni kwamba taarifa ile ilinipendeza. Ndani yake walikuwemo watu wawili, mwananchi asiyeelewa na mwalimu mkuu anayeelewa, na huyo wa pili nilimhitaji sana kwa umri ule. Mjinga na mwerevu, kama ile filamu ya posta.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilipita kwenye barabara ya chini likaenda vijiji vingine. Kwetu tuliletewa mabango ya kubandika ukutani. Nilipomkuta dereva sokoni nikamwuliza sababu, alinijibu bila kificho: "Si ninyi mliandika watu wenu hawaelewi picha?" Watoto wa shule yangu walikaa miaka mitano kabla ya kuona sinema nyingine, na hata leo wapo watu wazima pale kijijini wanaonikumbusha kwa utani jinsi walivyokuwa wakishuka saa mbili kwa miguu usiku kwenda kuangalia kwa jirani.

Na watu wale wale! Hao ninaosema hawakuelewa ndio ambao wakishuka Tanga kuuza viazi na mboga walikwenda kwanza kwenye jumba la sinema, wakaingia filamu ya Kihindi ya saa tatu, lugha wasiyoijua hata neno, wakarudi kijijini na hadithi yote, pamoja na nani alikuwa na makosa na nani alidhulumiwa. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, nilisimuliwa na mjomba wangu asiyejua kusoma kabla sijaiona mwenyewe, na nilipoiona sikukuta alichokosea. Mwanahistoria Laura Fair amekusanya kumbukumbu nyingi za namna hii kutoka Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, akazitoa katika kitabu mwaka 2018. Filamu hizo zilijaa kila kitu ambacho Sellers alikikataza: nyuso kubwa kama ukuta, kurudi nyuma miaka ishirini, kuruka kutoka jela hadi ikulu. Hakuna aliyeuliza kama miti inakimbia.

Yule mzee wa mbu nimemfikiria sana. Tuseme alikuwepo, mahali fulani, Nigeria au kwetu. Hebu yasikilize tena maneno yake. Nimewajua wazee wa namna hiyo, nimelelewa nao. Mzee wa Kisambaa akitaka kumwambia mgeni kwamba hotuba yake imezidi, hamwambii hivyo. Humpa pole. Husema sisi hapa ni watu wadogo, na mambo yetu ni madogo. Mgeni hushukuru, huandika kwenye kitabu chake, na wenyeji husubiri mpaka vumbi la gari lipotee ndipo wacheke. Sina ushahidi wa hilo, wala mjukuu wangu hakuniruhusu nilidai. Aliniambia, "Babu, hapo sasa na wewe unatunga." Ni kweli. Lakini kama ni kutunga, kwa miaka hamsini nilitunga upande mmoja tu.

Alirudi mara ya pili mwaka 2019, kazi yake ikiwa karibu kukamilika. Nilikuwa nimeitafuta ile nakala ya kaboni katika sanduku la chuma, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za kodi. Wino wa zambarau ulikuwa umefifia lakini unasomeka. Nikamsomea yote kwa sauti, kisha nikamweleza habari ya shangazi na vigingi. Alinyamaza muda. Halafu akaniuliza kama anaweza kuitia taarifa ile katika kitabu chake cha shahada. Kwa kawaida, alisema, watu wa namna yangu hutajwa kwa herufi moja tu, au huitwa "mwalimu mmoja", ili kuwasitiri.

Nikamwambia tulale kwanza.

Usiku sikulala vizuri. Nilimfikiria shangazi, aliyefariki mwaka 1991, na ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote ya serikali ninayoijua, ila yumo katika taarifa ile bila jina, miongoni mwa "wananchi wengi". Asubuhi mjukuu wangu alikuwa barazani anafunga mkoba. Nikampa ile nakala, nikamwambia aandike jina langu kamili na cheo. Akauliza na jina la shangazi aliweke wapi. Nikamtajia jina, la baba yake na la kijiji, herufi kwa herufi, naye akaandika.